Ukoo Wetu Uko Njiani

Ukoo wetu hukutana Lamu mwezi wa Desemba, skuli zikiwa zimefungwa na upepo wa kaskazi umeanza kuvuma. Haiwi kila mwaka. Hukutana pale wazee wanapoona muda umekuwa mrefu, na watoto wa ndugu wanapishana Mombasa bila kujuana. Safari hii nilimwomba mume wangu jambo moja: tusipande ndege ya kutua Manda, wala tusipande basi na mamangu na watoto. Wao watangulie. Sisi wawili twende na gari letu, tupite kwa kila jamaa aliye kando ya barabara, ndipo tuvuke kwa boti hadi kisiwani.

Yeye ni mtu wa Kisauni, na kwa watu wangu ni mkwe. Aliniuliza ni nyumba gani hizo. Nikamtajia Kilifi, Malindi na Witu. Akanyamaza akipiga hesabu ya saa, kisha akasema, "Haya, mamake. Lakini tutoke baada ya swala ya alfajiri. Ile barabara ya Garsen kwenda mbele sitaki inikute jua limeshainama."

Ombi langu lilikuwa na sababu. Babu yangu alikuwa na chombo, akipakia boriti za mikoko na ng'onda, samaki wa kukausha, kutoka Lamu, akishukia Malindi na Mombasa, na kila aliposhuka pakabaki ndugu au mtoto. Mmoja akaolewa Malindi. Mwingine akapata shamba Witu. Mtoto wa ami yangu akafuata kazi Kilifi enzi kiwanda cha korosho kikifanya kazi, akaoa huko huko. Barabara ya kutoka Mombasa hadi Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, kama kilomita 340, inapita katikati ya ukoo wetu. Wanaofika mkutanoni ni wenye miguu mizima na nauli. Wasiofika ni wazee, wagonjwa, na wale waliowahi kuvunjana na mtu. Na hao, kwa nionavyo mimi, ndio wenye mengi ya kusema.

Kwanza nilipiga simu nyumba zote. Kwa watu wetu huwezi kumwambia mtu asikupikie, atajiona umemvunjia heshima. Unaloweza ni kumweleza mapema utakula wapi. Nikawaambia wote neno moja: chai ya asubuhi Kilifi, chakula Malindi, kahawa Witu. Kila mwenye nyumba akajua zamu yake na ya mwenzake, na hakuna aliyenung'unika kuwa tumemruka. Mume wangu yeye alishughulika na gari: matairi, spea, jeki, maji ya rejeta, madumu ya maji ya kunywa. Akasisitiza kila mtu awe na kitambulisho mkononi wala si ndani ya begi. Zawadi nilizichukua nyepesi. Haluwa, kahawa ya buni iliyokwisha sagwa, na doti ya leso kwa shangazi yangu wa Malindi. Leso nilikaa dukani muda mrefu nikiichagua kwa jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, maana shangazi husoma jina kabla hajaangalia rangi.

Mtwapa foleni ilitushika, kama inavyowashika wengi wapitao pale, na upanuzi wa barabara umeongeza vumbi. Kutoka hapo njia ikafunguka: Kikambala, kisha mashamba ya mkonge ya Vipingo pande zote mbili, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991; kabla ya hapo watu walivuka mkono ule wa bahari kwa feri, na mamangu bado huhadithia jinsi basi zilivyopanga foleni zikingoja. Kwa binamu tulikula mahamri na mbaazi, tukapewa mfuko wa korosho za kukaanga, tukaondoka. Ziara ilikuwa fupi na nzuri.

Baada ya Kilifi kuna kipande ambacho msitu wa Arabuko-Sokoke unakusindikiza mkono wa kushoto karibu hadi Gede. Hapo ndipo mume wangu alipozima redio akasema tuzungumze habari ya mchango. Nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa Lamu, aliyoiacha babu, dari lake limeoza. Boriti zinataka kubadilishwa, na tulijua wazi kuwa mkutanoni jambo hilo litaletwa. Tukakubaliana kiwango kimoja. Tukakubaliana pia nani atakitamka, na kwamba mtu akimwita mmoja wetu pembeni kumwomba nyongeza, jibu liwe moja: nitazungumza na mwenzangu. Nawasihi wanandoa wote wafanye hivi wakiwa bado garini. Mkifika, wanaume watakuwa upande wao na wanawake upande wao, mtavutwa kila mmoja kivyake, na ahadi mbili tofauti zikitoka nyumba moja zinaleta maneno yasiyokwisha. Tulipoyamaliza hayo tulikuwa tumeshapita njia ya Watamu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko tulipotoka Mombasa.

Malindi tuliingia asubuhi bado ina ubaridi kidogo wa bahari. Shangazi anakaa Shela ya Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma na yale makaburi ya mnara. Ni dada wa baba, mkubwa kwao waliobaki hai isipokuwa ami yangu mmoja. Magoti yamemshinda. Anatembea kwa kushika ukuta na kiti, na tangu magoti yaharibike hajakanyaga Lamu, mji aliozaliwa.

"Ndooni, ndooni," alituita tangu hatujavua viatu. Nikambusu mkono. Mume wangu akamwamkia, naye akamkalisha kiti cha karibu yake, maana mkwe kwetu ana cheo. Leso akaigeuza kutafuta jina, akalisoma kwa sauti, akatabasamu, akaitandaza mapajani.

Tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na maembe ya msimu yaliyokatwa vipande sahanini. Baada ya chakula nilidhani tutaaga. Mume wangu akamuuliza swali jepesi kabisa. "Shangazi, mimi nimeoa huku lakini sijui nimeoa kwa nani. Huyu mke wangu, bibi yake mzaa baba nimemsikia. Mamake yule bibi alikuwa nani?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nimekulia katika ukoo huu, nimeukuta ubao wa nasaba ukutani Lamu, nimefundishwa kuusoma, na sikuwahi kuuliza, kwa sababu mtoto wa nyumbani hujiona anajua. Mkwe hana aibu ya kutojua. Shangazi alimwangalia, akajiweka sawa kitini, akaanza. Akataja mama kwa mama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mahali alipotoka, nani aliachwa akiwa na mimba, nani alilea watoto wa mke mwenzake, hadi kumfikia yule aliyekuja kutoka Siyu, kisiwani Pate, kwa dau akiwa bi harusi na hakurudi kwao tena. Nasaba ile ya ukutani ina wanaume watupu, fulani bin fulani bin fulani. Hawa wanawake hawamo. Walikuwa kichwani mwa mama mmoja asiyeweza kupanda boti, nasi tulikuwa tukienda kukutana bila yeye.

Nikaomba ruhusa tumrekodi kwa simu. Akakubali kwa sharti aseme kwanza bismillahi. Tulizima feni kwa sababu ya kelele, tukavumilia joto. Mume wangu akaiweka simu juu ya mto karibu naye, akauliza swali moja moja, na kila aliponyamaza hatukumjazia maneno. Hili nataka wengine walishike, maana nimeona vijana wengi wakiwahoji wazee kwa haraka: mzee akinyamaza hajamaliza, anatafuta. Ukimkatiza, lile alilokuwa akilitafuta halitatoka tena.

Katikati ya mazungumzo akagusia yaliyopita kati yake na ami yangu mkubwa. Ni maneno ya mirathi ya zamani, na si yangu kuyaeleza hapa. Alipoyasema akainua kidole: "Hili lisitoke humu ndani." Mume wangu akaifuta sehemu ile mbele ya macho yake, akamsikilizisha iliyobaki ili ahakikishe, tukaanza kurekodi upya kutoka hapo. Nilimpenda zaidi siku ile. Rekodi ya mzee ni amana, naye ndiye wa kuamua lipi litoke na lipi libaki kwake.

Mwisho nikamuuliza kama ana salamu za kupeleka. Akakaa kimya. Kisha akasema kwenye simu, "Waambieni mimi mzima. Na kakangu mwambieni nimemsamehe kwa ninayoyajua na nisiyoyajua, na yeye anisamehe." Akatuomba tuondoke mapema tusije tukachelewa.

Malindi ndipo pa kujaza tangi, maana mbele vituo vya mafuta ni vichache. Tukavuka mto Sabaki, maji mekundu kwa udongo wa bara, tukapita Mambrui na mashamba ya chumvi ya Gongoni yanayong'ara hadi unafumba macho. Kisha joto. Kutoka Marereni hadi Minjila nchi ni tambarare, hewa inatetemeka juu ya lami, na mtu akiwa peke yake usukani usingizi unamjia waziwazi. Tulikuwa tunapokezana, na yule asiyeendesha hakuruhusiwa kulala. Hilo lilikuwa agizo lake nami nikaliona la haki.

Barabara ya Lamu inachepuka Minjila. Nilipokuwa mdogo ilikuwa ya udongo. Basi likikwama watu walishuka kusukuma, na safari ya kutwa ikawa ya siku mbili. Leo ni lami. Lakini mto Tana haukubali kusahauliwa: mvua za El Niño za 2023 zilipoufurisha, maji yaliifunika barabara na watu wa Lamu wakakatika na nchi. Kwa hiyo msimu wa mvua uliza kwanza kabla ya kutoka. Uliza pia habari za usalama. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, pande hizi zimekuwa na vizuizi vya polisi, na kuna nyakati mabasi yalisindikizwa na askari na safari za usiku kupigwa marufuku. Sisi tulisimamishwa mara kadhaa. Tulishusha vioo, tukasalimu, tukatoa vitambulisho, tukaeleza tuendako. Mume wangu alizima injini kila kizuizi bila kuambiwa, na naona hilo liliwapa askari utulivu.

Mbuga za Tana zilikuwa kijani baada ya vuli. Upande mmoja mashamba ya mpunga ya Wapokomo, upande mwingine ng'ombe wa Waorma wamejaa hadi kando ya lami, na tukaenda mwendo wa ng'ombe mpaka wavuke.

Witu sasa ni mji mdogo wa barabarani, lakini ulikuwa na sultani wake. Masultani wa Kinabahani waliotoka Pate walijihifadhi pale, wakajiweka chini ya Wajerumani, hadi mkataba wa 1890 ulipoiweka nchi ile mikononi mwa Waingereza. Binamu wa baba yangu analima korosho na ufuta huko. Alitungoja chini ya mwembe na birika la kahawa ya tangawizi, kama tulivyoagana. Hatukukaa. Tulimpigia picha akiwa amesimama na wajukuu zake, akatoa mchango wake taslimu, umefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa jina lake vizuri, akatuagiza usomwe mbele ya watu ili isemwe kuwa Witu ilikuwapo. Na kweli ulisomwa.

Mokowe tulifika alasiri ingali na mwanga wa kutosha. Gari linabaki hapo kwenye maegesho yenye mlinzi. Lamu mitaa yake ni myembamba, mizigo ni punda na mikokoteni. Maji yalikuwa yametoka. Ngazi za gati zilikuwa tupu chini, zimeota ukijani, na boti ziko chini kwa karibu kimo cha mtu. Mbele yetu vijana wawili walimbeba bibi mmoja kumshusha chomboni, yeye akishikilia buibui lake kwa mkono mmoja na shingo ya kijana kwa mkono mwingine, uso ameugeuzia upande. Mume wangu akaniangalia. Hakusema kitu, lakini nilijua sote tumemfikiria mtu mmoja. Nikavaa jaketi la kuokolea, nikamlazimisha nahodha atoe mengine kwa watoto waliokuwa bila, tukavuka.

Kuhusu mkutano wenyewe sitaeleza kila kitu. Kulikuwa na mkate wa mofa asubuhi, biriani mchana, watoto wakikimbia kutoka nyumba hadi pwani, na ziara ya makaburini. Habari ya dari ilizungumzwa na kiwango chetu kilitamkwa mara moja tu. Niliitwa pembeni, kama nilivyotarajia, na jibu lilikuwa tayari.

Ninalotaka kulisema ni la usiku baada ya isha. Wanaume walikaa chini kiwandani, yaani uani, wanawake tuko juu. Mume wangu aliomba ruhusa kwa ami mkubwa, akaunganisha simu na spika, akaiweka kwenye ngazi ili pande zote mbili zisikie. Sauti ya shangazi ikajaa nyumba aliyozaliwa. Alipoanza kutaja wale wanawake, akina mama waliokuwa juu walianza kuitikia: huyu alikuwa somo wa mamangu, huyu nilimwona nikiwa mtoto, huyu kaburi lake liko mtaa wa Langoni. Binti wa binamu yangu, msichana wa sekondari, alitwaa karatasi ya manila na kalamu akaanza kuchora. Tulimrudishia rekodi nyuma tena na tena hadi akaandika majina yote. Nasaba yetu sasa ina pande mbili. Karatasi ile imebandikwa chini ya ubao wa zamani, na wazee hawakuikataa.

Zikaja zile salamu za mwisho. Chini pakanyamaza. Hatukuwaona, lakini tulimsikia ami akikohoa, kisha akaagiza kahawa iletwe.

Asubuhi alimwita mume wangu. "Mwanangu, niunganishe na dadangu." Akaichukua simu akapanda nayo sabule, chumba cha wageni, akafunga mlango. Walizungumza kwa muda mrefu sana. Sijui walisema nini na sijauliza.

Mkutano wa kufunga, ilipofika habari ya mara ijayo, mmoja wa vijana alisema Lamu kama kawaida. Ami akakataa. Akasema mwenye miguu amfuate asiye na miguu, mara ijayo ni Malindi, kwa dadake. Kuna waliolalamika. Mkutano wa Waamu utoke Lamu? Nyumba ya babu si iko hapa? Nawaelewa, mimi mwenyewe Lamu ikinikosa Desemba najihisi nimepungukiwa. Lakini nilikuwa nimeuona uso wa yule bibi kwenye gati la Mokowe, nikasimama upande wa wanawake nikaunga mkono kwa sauti ambayo hata chini waliisikia. Neno likapita.

Tukirudi tulisimama tena Malindi kumpa habari. Nilidhani atalia. Alimuuliza mume wangu watu watakuwa wangapi, akaambiwa kama waliofika Lamu na wa Malindi juu yake. Akasema uwanja wake hautoshi, ataomba wa jirani. Kisima kina maji ila kamba imechakaa. Masufuria makubwa ya kukodi yapo kwa watu wa harusi, lakini yawekewe nafasi mapema maana Desemba ni mwezi wa ndoa. Wazee wa Kilifi waletwe na gari moja kubwa, wa Witu watumiwe nauli kabla, wasiambiwe watarudishiwa. Magodoro aulize msikitini. Akamwambia mume wangu alete karatasi aandike, na alipoona anaandika kwenye simu akamzuia: "Andika kwa kalamu, mwanangu, nipate kuisoma na mimi." Akaandika kwa kalamu. Orodha iko kwake, na kila Ijumaa hutupigia kuuliza imefikia wapi.